Ni chakula au ni dawa? Kwa nini Serikali inahangaika na maandishi ya kopo

Kila mara wakaguzi wanapopita Kariakoo na kuondoa makopo ya virutubisho madukani, mjadala unaofuata vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp huwa uleule. Mmoja atasema wanawaonea wafanyabiashara wadogo. Mwingine atasema wenye viwanda vya dawa wameingiza mkono wao, maana tiba za asili zinawaharibia soko. Wa tatu, na huyu ndiye mwenye swali la maana, atauliza: kama ndani ya kopo kuna unga wa mlonge tu, na mlonge tunauchuma uani na kuupika, kosa liko wapi?

Kosa mara nyingi liko nje ya kopo, kwenye lebo. Unga uleule wa mlonge unaweza kuuzwa kihalali duka hili na ukawa haramu duka la jirani, bila kubadilika hata chembe, kwa sababu ya sentensi moja iliyochapwa ubavuni. Ukilisikia hivyo unaweza kudhani ni ukorofi wa wanasheria. Lina sababu zake, na moja kati ya hizo imeshaua watu.

Tuwekane sawa kwanza. Virutubishi ni vile tunavyovipata kwenye chakula cha kila siku: protini, vitamini, madini kama chuma, zinki na kalsiamu. Virutubisho nyongeza, ambavyo mtaani tunaviita sapilimenti au dawa lishe, ni bidhaa. Mtu amechukua virutubishi hivyo, au majani, mizizi, mafuta ya samaki na mengineyo, akavifunga kwa kipimo: kidonge, kapsuli, matone, kijiko cha unga. Kazi yake ni kuongezea mlo, na kwa hiyo huhesabiwa kuwa aina ya chakula. Dawa ni habari nyingine. Na lebo siyo ile karatasi iliyozunguka kopo peke yake; boksi lake, picha iliyochorwa na kikaratasi kilichokunjwa ndani navyo vinasomwa pamoja nayo.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003, iliyotungwa kusimamia chakula, dawa na vipodozi, inaielezea dawa kuwa ni kitu kinachotengenezwa, kinachouzwa au kinachotangazwa kwa ajili ya kutambua, kutibu, kupunguza au kuzuia ugonjwa. Sheria haikuishia kwenye kile kinachotibu kweli. Imekigusa hata kile ambacho muuzaji amejisemea tu kwamba kinatibu. Ukiandika "huondoa kisukari" kwenye pakiti ya mlonge, umeuingiza kwenye kundi la dawa kwa kalamu yako mwenyewe. Na dawa haiingii sokoni kienyeji: inasajiliwa, kiwanda chake kinakaguliwa, na mwenye nayo anadaiwa ushahidi kwamba inafanya kazi na ni salama kwa dozi aliyoitaja. Ushahidi huo huna. Una mlonge.

Mkazi wa Dar atalielewa hili kwa daladala. Gari lenye kibao cha Mbagala–Kariakoo limepewa leseni ya njia hiyo. Dereva akibadilisha kibao akaandika Bunju, trafiki atakayemsimamisha hatajali kwamba injini ni nzima na breki zinashika. Abiria wamepanda kwa kuamini kibao. Mgonjwa naye anameza kwa kuamini lebo, isipokuwa abiria akigundua amepotezwa anashuka kituo kinachofuata.

Ngazi za maneno

Siyo kila neno zuri kwenye kopo ni kosa. Chukua kalsiamu. "Kila kidonge kina miligramu 500 za kalsiamu" ni taarifa ya kilichomo. Maabara inaweza kuipima ikasema kweli au uongo. "Kalsiamu inahitajika katika ujenzi wa mifupa na meno" ni maelezo ya kazi ya kirutubishi hicho mwilini, na sayansi inayaunga mkono. "Hutibu maumivu ya magoti na mgongo" hilo sasa ni dai la tiba. Codex, chombo cha viwango vya chakula kilichoundwa na FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, kinaruhusu mambo hayo mawili ya mwanzo kwa masharti, na la tatu kwa kawaida hakiliruhusu kwenye chakula.

Mwongozo wa Codex wa mwaka 2005 kuhusu virutubisho vya vitamini na madini unataka pia lebo iseme utumie kiasi gani kwa siku, ikuonye usikipite, ikuambie kwamba bidhaa hiyo haichukui nafasi ya mlo, na ikukumbushe kuiweka mbali na watoto. Unataka vilevile kipimo cha siku kibebe angalau asilimia 15 ya kiasi cha kirutubishi hicho kinachopendekezwa kwa siku. Sharti hilo la mwisho lina maana yake. Wapo watengenezaji wanaonyunyiza zinki ya kuhesabia, halafu wanaiandika mbele ya kopo kwa herufi za kusomeka ng'ambo ya barabara.

Wauzaji wajanja wanaijua mipaka hii kuliko wateja. Simama kidogo kwenye duka lolote la virutubisho mjini utasikia kitu kama hiki:

"Mama, hii siyo dawa, ni lishe tu. Haina madhara."

"Sasa presha yangu itashuka?"

"Wiki mbili tu mama yangu, utakuja mwenyewe kunishukuru."

Jibu la kwanza ni la kumkwepa mkaguzi. La pili ndilo linalouza.

Shangazi yangu wa Tandika aliwahi kunipa kopo lake nimsomee, akilalamika kwamba maandishi ni madogo. Mbele palikuwa na stika ya Kiswahili iliyobandikwa juu ya lebo ya asili, rangi yake imekolea, kona moja imeanza kubanduka. Ilidai kutibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo, kusafisha kizazi na kurudisha nguvu za kiume, yote kwa vidonge viwili asubuhi na viwili jioni. (Shangazi ana miaka sabini na ushee, hizo nguvu za kiume sijui angezipeleka wapi.) Niliibandua ile kona taratibu. Chini yake, kwa Kiingereza na herufi za kutafuta kwa miwani, mtengenezaji mwenyewe alikuwa ameandika kwamba maelezo yale hayajathibitishwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, na kwamba bidhaa ile haikukusudiwa kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote.

Onyo lile mtengenezaji hakuliweka kwa hisani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inalidai kwenye kila kirutubisho kinachojinadi kwa kazi yake mwilini. Kwa hiyo aliyekitengeneza, akiwa kwao, amekana kabisa kwamba kinatibu. Safari ya kutoka huko mpaka Tandika ndiyo iliyokipa uwezo wa kuponya magonjwa matano.

Nani anashika nini

Hapa nitapita haraka, kwa sababu mpangilio wenyewe unachosha hata walio ndani yake. Mpaka katikati ya 2019 chakula na dawa vilisimamiwa na chombo kimoja, TFDA. Kuanzia Julai mwaka huo chombo hicho kikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA, chakula na vipodozi vikahamia Shirika la Viwango, TBS, pale Ubungo. Kirutubisho kinachouzwa kama chakula kinapelekwa TBS. Kikianza kudai kutibu, kimeingia kwa TMDA. Kikiwa dawa ya asili, kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya 2002. Na Tume ya Ushindani, FCC, ina sheria yake ya 2003 inayokataza kumpotosha mlaji. Mfanyabiashara anayelalamika kwamba leo amekuja huyu na kesho atakuja yule hajakosea kulalamika. Ila kuwa na milango minne hakumpi ruhusa ya kutopita hata mmoja.

Kilichoandikwa hakimo, kilichomo hakikuandikwa

Dai la tiba ni kosa linaloonekana kwa macho. Kuna makosa mawili ambayo huyaoni mpaka maabara.

La kwanza ni kukosekana kwa kile kilichotajwa. Februari 2015 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York wakati huo, Eric Schneiderman, aliziandikia kampuni nne za rejareja, GNC, Target, Walmart na Walgreens, akizitaka ziache kuuza baadhi ya virutubisho vya mitishamba. Vipimo vya vinasaba vilivyofanywa kwa agizo la ofisi yake vilikuta mmea uliotajwa kwenye lebo katika asilimia 21 tu ya majaribio. Kesi hiyo hupenda kutajwa kama ushindi wa wazi, lakini wataalamu wengi waliipinga mbinu iliyotumika: mmea ukishachemshwa, ukakamuliwa na kuchujwa, vinasaba vyake vinaweza kupotea hata kama kiini chake kimo. Hoja yao ilikuwa na uzito. Naitaja ili ijulikane kwamba hata Serikali inapotangaza "tumepima", ni haki ya mwananchi kuuliza mmepima nini na kwa njia gani.

La pili ndilo la kuogopa: dawa ya hospitali iliyosagwa kimyakimya ndani ya kitu kinachoitwa cha asili. Watafiti wa Marekani walipitia maonyo ya FDA ya kati ya 2007 na 2016 wakakuta virutubisho 776 vilivyochanganywa dawa ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Asilimia 45.5 vilikuwa vya nguvu za kiume, asilimia 40.9 vya kupunguza uzito, asilimia 11.9 vya kujenga misuli. Mtu yeyote anayepita barabara za Dar na kusoma mabango ya nguzoni ataona kwamba hayo ndiyo mahitaji yaleyale yanayotangazwa hapa.

Kwenye vile vya nguvu za kiume iliyokutwa zaidi ni sildenafil, dawa iliyomo kwenye Viagra. Ni dawa nzuri kwa aliyeandikiwa. Kwa mzee anayetumia dawa za nitrate kwa maumivu ya kifua, vikikutana mwilini presha inaweza kushuka ghafla mpaka akafa. Kwenye vile vya kupunguza uzito iliyoongoza ni sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 baada ya kuonekana inaongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Hospitalini haipatikani tena. Kwenye vidonge vya "kukata kitambi" imeendelea kukutwa.

Tukio la Singapore la mwaka 2008 ndilo ambalo ningependa kila anayesema "ni mitishamba tu" alijue. Kati ya Januari na Mei, watu 150 wasio na kisukari walilazwa sukari ikiwa imeshuka kupita kiasi. Madaktari walipofuatilia wakafika kwenye dawa haramu za nguvu za kiume zilizokuwa na glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari kwa wagonjwa wa kisukari. Wagonjwa wanne walikufa. Mtu alikuwa anatafuta jambo la chumbani, akaishia kupoteza fahamu kwa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, na daktari aliyempokea hakuwa na pa kuanzia kwa sababu kwenye pakiti halikuandikwa neno.

Ndiyo maana ushuhuda wa "nimemeza, nusu saa nyingi, nikaona kazi" unanitisha badala ya kunivutia. Vitamini na madini huhitaji muda. Mwenye upungufu wa damu anayetumia vidonge vya chuma husubiri wiki kadhaa kabla kipimo hakijapanda. Unga wa mizizi unaofanya kazi kwa kasi ya kidonge cha famasi, dhana ya kwanza iwe kwamba kidonge cha famasi kimo.

Maneno yanayozunguka mjini

"Ni asilia, haina kemikali." Chumvi ni kemikali, maji ni kemikali. Na cha asili kikikolezwa hubadilika tabia. Chai ya kijani ya kunywa haina tatizo kwa watu wengi, lakini mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba kiini chake kiitwacho EGCG, kikitumiwa kwa njia ya virutubisho kwa miligramu 800 au zaidi kwa siku, kinahusishwa na dalili za awali za ini kuumia. Tofauti kati ya kikombe na kapsuli ni kipimo.

"Imethibitishwa na FDA." Hili linapendwa sana kwenye kurasa za Instagram, nembo ya bluu ikiwa imebandikwa pembeni. Kwa sheria ileile ya 1994, FDA haithibitishi virutubisho kabla havijaingia sokoni. Kiwanda kinaweza kujiorodhesha kwao, na huko ni kujulisha tu kwamba kipo. Cheti cha kutundika ukutani hawatoi. Hata nembo yao hawairuhusu itumike kuuzia bidhaa. Nembo hiyo ikiwepo kwenye kopo la vitamini, basi umeshaonyeshwa jambo moja ambalo muuzaji yuko tayari kudanganya.

"Kampuni imesajiliwa, cheti cha BRELA hiki hapa." BRELA inasajili kampuni na majina ya biashara. Cheti chake kinasema kampuni ipo. Kuhusu kilichomo kwenye kapsuli hakisemi lolote, sawa na TIN na leseni ya biashara.

"Imepimwa na Mkemia Mkuu." Inawezekana kabisa, na ni jambo jema. Lakini ripoti ya maabara inahusu sampuli iliyopelekwa na vitu vilivyoombwa vipimwe, kwa mfano kama kuna sumu au madini mazito. Kuwa haikukutwa na risasi au zebaki hakumaanishi inatibu uvimbe kwenye kizazi. Wauzaji huchukua jibu la swali la usalama wakalitangaza kama jibu la swali la tiba.

"Kama ni mbaya, mbona imepita bandarini?" Siyo kila kitu kinapita kwenye kontena. Kingine kinakuja ndani ya begi la mtu aliyetoka Guangzhou au Dubai. Na hata kile kilichopita kihalali kinaweza kuwa kiliingia na lebo ya kiungwana, stika ikabandikwa kikiwa tayari stoo. Au lebo haikuguswa kabisa, ila mwenye duka akaenda kwenye redio na kudai mengine. Hapo ndipo watu wanaposhangaa: "Kopo halijaandika chochote kibaya, wamelichukulia nini?" Tangazo nalo ni kauli ya muuzaji.

Mtu asitoke hapa akidhani vidonge vyote ni utapeli. Mjamzito anayepewa vidonge vya chuma na foliki asidi kliniki anapewa kirutubisho chenye ushahidi mzito. Foliki asidi ikianzwa mapema hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka. Chumvi yenye madini joto imo jikoni kwako. Hizo zote hutolewa kwa kipimo kinachojulikana, kwa watu wanaojulikana kuzihitaji, na hakuna anayezipigia spika stendi.

Na hata kirutubisho halali chenye lebo safi kinaweza kugongana na dawa. Mfano unaowahusu wengi nchini ni dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge cha ARV kinachotumiwa na watu wengi. Vidonge vya kalsiamu au chuma vikimezwa pamoja nayo tumbo likiwa tupu, hupunguza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini. Ushauri wa kawaida ni kumeza ARV saa mbili kabla ya kirutubisho au saa sita baada yake, au kuvimeza vyote pamoja na chakula. Wagonjwa wengi hawamtajii daktari sapilimenti kwa sababu waliambiwa siyo dawa. Mtajie. Beba kopo lenyewe, na kama lina stika, usiibandue ukaitupa.

Ukiwa na kopo unalolitilia shaka, angalia namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, jina na anwani ya mtengenezaji, na kama linajiita dawa, tafuta jina lake kwenye orodha ya dawa zilizosajiliwa iliyopo kwenye tovuti ya TMDA. Namba ya toleo ndiyo inayosahaulika zaidi, ilhali tangazo la kuondoa bidhaa sokoni mara nyingi hutaja toleo mahususi, siyo kila kopo lenye jina hilo. Dai na risiti ya EFD siku unayonunua. Bila risiti, duka litasema hilo kopo halikutoka kwao, na mkaguzi hatakuwa na pa kuanzia kulifuata mpaka kwa aliyeliingiza.